Kabla Hesabu Haijafika Kumi

"Nisomee raundi ya kumi na tano," Baba alisema. "Hizo nyingine ziruke."

Ilikuwa saa mbili usiku na mvua ilikuwa imeanza kupiga juu ya bati. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha mbao karibu na mlango, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mzigo wa mtu aliyemwomba amshikie kidogo. Mimi nilikaa mkekani, laptopu juu ya kigoda, namsomea pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier.

Pambano lenyewe lilipigwa New York tarehe 8 Machi 1971. Ali alishindwa kwa pointi, na katika raundi ya mwisho, ya kumi na tano, Frazier alimrushia ngumi ya kushoto iliyompeleka chini. Hayo yameandikwa na hayabadiliki. Lakini mimi sikuwa nasoma kitabu. Nilikuwa nasoma pambano ambalo kompyuta yangu ililipiga upya usiku ule ule, na mshindi wake hata mimi sikuwa namjua bado.

Programu yenyewe inaitwa Title Bout. Ilizaliwa zamani ikiwa mchezo wa mezani, kisha ikahamia kwenye kompyuta. Usitegemee picha wala damu, na hakuna mtu wa kumsogeza kwa vidole. Kuna majina ya mabondia wa kila zama, na kila bondia ana namba zake: uzito wa ngumi, ulinzi, pumzi, kidevu kinavumilia kiasi gani, ngozi inachanika upesi au la. Unachagua wawili, unabonyeza, kompyuta inazipambanisha namba, kisha maneno yanaanza kushuka kwenye skrini mstari kwa mstari, kama mtangazaji wa redio asiye na sauti. Sauti nilikuwa mimi. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na macho ya Baba hayakuwa yakishika tena maandishi madogo, kwa hiyo nilisoma kimoyomoyo na kumtangazia kwa Kiswahili.

"Frazier anaingia ndani. Ali anarudi kwenye kamba. Kushoto ya Frazier... imempata! Ali yuko chini!"

Baba akainua kichwa. "Ameinuka?"

"Ngoja. Moja, mbili, tatu... Ameinuka kwenye nne."

"Haya," akasema, akajiegemeza. "Zima, tukalale."

Hakuuliza nani alishinda.

*

Nilirudi Sigi Machi 2023, mwezi mmoja baada ya Baba kupata kiharusi. Mama alishafariki miaka mingi nyuma, na shangazi, anayekaa nyumba ya pili, ana wajukuu wake wa kuwaangalia. Kwa hiyo niliacha chumba changu Dar es Salaam, nikafunga virago, nikaja kumuuguza mzazi wangu. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu, na kwa hilo watu walinisifu. Msikitini walimwambia Baba kwamba amezaa.

Kama hujafika Sigi, ipo chini ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Ukitoka Muheza unaifuata barabara ya vumbi inayopanda kuelekea msituni, na kabla ya kuanza kupanda kwenyewe, kwa kona zinazokufanya ufumbe macho, unakutana na stesheni ya treni. Reli hakuna. Wajerumani waliijenga mwanzoni mwa karne iliyopita, njia nyembamba kutoka Tengeni, kwa ajili ya kuteremsha magogo. Baadaye ikang'olewa. Ikabaki nyumba ya mkuu wa stesheni, ambayo leo wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani wanaandikishwa hapo kabla ya kupanda kwenda kutazama ndege na vipepeo. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Baba treni itakuja lini. Akaniambia ilishapita.

Baba ni fundi seremala. Milango mingi ya kuanzia kwetu hadi Kisiwani ni kazi ya mkono ule ule ambao sasa unalala mapajani. Lakini kabla ya useremala alikuwa bondia, na hadithi ya ubondia wake nimeisikia kwa shangazi tangu sijaanza shule. Ilikuwa fupi na haikubadilika. Kaka yake alijifunza ngumi akiwa JKT. Akapigana Tanga mjini, ngumi za ridhaa, watu wakaanza kumjua. Kisha Amin akavamia Kagera. Kaka yake akaenda vitani na mgambo, akarudi mwaka 1979 akiwa na sikio moja lisilosikia kwa sababu ya mizinga, na hakuvaa glavu tena. "Vita ilimla ngumi zake," shangazi alikuwa akisema, na Baba, akiwapo, alikuwa akitazama nje.

Nilikua na hadithi hiyo. Ndiyo maana nilipogundua, zile jioni za kwanza, kwamba kitu pekee kinachomfanya ainue kichwa ni jina la Muhammad Ali, nilidhani ninaelewa kwa nini.

*

Ali alinyang'anywa miaka pia. Tarehe 28 Aprili 1967, huko Houston, aliitwa jina ili apige hatua moja mbele aingie jeshini, apelekwe Vietnam. Hakupiga hatua. Alikuwa na miaka 25, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mapambano 29 na hajapoteza hata moja. Wakamvua mkanda, wakamnyima leseni, mahakama ikamhukumu miaka mitano jela na faini ya dola 10,000. Jela hakwenda kwa sababu alikata rufaa, lakini ulingoni hakurudi mpaka tarehe 26 Oktoba 1970. Miaka mitatu na nusu. Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta hukumu ile, Juni 1971, miguu yake haikuwa tena ile iliyokuwa ikicheza raundi kumi na tano bila kugusa kamba.

Kwa kizazi cha Baba, mtu huyu alikuwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani sisi tuliomjua kwa picha za fulana. Mwaka 1974 alipompiga George Foreman mjini Kinshasa, kengele ya kwanza ililia alfajiri, na huku kwetu ilikuwa tayari saa kumi na mbili asubuhi. Baba alikuwa kijana wa miaka 17. Anasema siku ile habari zilipofika, watu waliokuwa wakichuma iliki waliacha vikapu.

Miaka minne baadaye Idi Amin, ambaye ujanani alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, alitoa pendekezo lake maarufu: yeye na Mwalimu Nyerere waumalize ugomvi wao ulingoni, na Muhammad Ali awe refa. Dunia ilicheka. Baba hakucheka sana, maana wakati huo alikuwa njiani kwenda Kagera.

Na mwaka 1980, mwezi Februari, Ali akaja mwenyewe Dar es Salaam. Alitumwa na Rais Carter azishawishi nchi za Afrika zisiende kwenye Olimpiki ya Moscow. Nyerere alikataa kumwona. Waandishi wakamuuliza Ali kwa nini Waafrika waifuate Marekani katika mgomo wake, wakati Marekani haikuwafuata Waafrika waliposusia Montreal mwaka 1976. Mgomo ule ulitugharimu sisi: Filbert Bayi, aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia ya mita 1,500, alibaki nje ya michezo ile. Ali alijibu kwamba hakuwa amelijua jambo hilo. Tanzania ikaenda Moscow, na Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha.

"Alikuja kutuomba tukatae," Baba hupenda kusema, "sisi tukamkatalia yeye. Na sidhani alichukia. Yeye ndiye aliyetufundisha."

*

Basi nikaamua kumrudishia Ali miaka yake.

Katika mchezo ule unaweza kuanzisha dunia yako mwenyewe. Nilianza na mwaka 1960, mwaka ambao Ali, akiitwa bado Cassius Clay, alichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Roma. Nikawaingiza wote: Sonny Liston, Floyd Patterson, Jerry Quarry, Frazier, Ken Norton, Foreman. Nikawa napanga mapambano yao mwezi kwa mwezi, yale ya kweli kwa kadiri nilivyoweza kuyafuata. Kazi hii ilinichukua wiki mbili, mchana Baba akilala, usiku umeme ukiwapo. Nilipofika Aprili 1967 nikafanya jambo moja tu: sikumsimamisha. Juni akawa na pambano. Septemba, jingine.

Nilikuja kujua baadaye kwamba sikuwa wa kwanza kumwingiza Ali kwenye kompyuta. Mwaka ule ule wa 1967, akiwa amefungiwa, mtangazaji mmoja wa Miami aitwaye Murray Woroner aliandaa kwa redio mashindano ya mabingwa wote wa uzito wa juu wa tangu zamani, matokeo yakitolewa na kompyuta. Kompyuta ikasema Ali angepigwa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne. Ali alikasirika akaenda mahakamani. Kisha mwaka 1969, akiwa bado hana leseni na anahitaji pesa, akakubali kusimama mbele ya kamera za Woroner huyo huyo na Rocky Marciano, bingwa mstaafu aliyevaa nywele za bandia, wakaigiza raundi baada ya raundi na miisho ya aina mbalimbali ili kompyuta ichague. Marciano alikufa kwa ajali ya ndege kabla filamu haijatoka. Januari 1970 watu wa Marekani wakaonyeshwa Ali akiangushwa kwa KO raundi ya 13. Watu wa Ulaya wakaonyeshwa Ali akishinda.

Niliifikiria sana habari hiyo. Mtu mwenye miaka 27, mwenye afya kuliko wote wa uzito wake duniani, ananyimwa kupigana kweli na analipwa kupigana uongo. Wanaompenda wanapewa mwisho wao, wasiompenda wanapewa wao. Nikajiambia mimi wangu utakuwa wa haki. Mimi sichagui mwisho. Naacha namba ziseme.

Namba zilisema alichotarajia kila mtu. Katika dunia yangu Ali alimpiga Frazier mwaka 1968 kwa pointi, akampiga tena mwaka uliofuata kwa KO. Quarry hakumaliza raundi nne. Norton, ambaye katika maisha ya kweli alimvunja taya mwaka 1973, hakumgusa. Foreman alipokuja, Ali alikuwa tayari bingwa kwa karibu miaka kumi, akamshinda Marekani kwao, mbele ya watu wao. Nilimstaafisha mwaka 1975 bila kupoteza pambano hata moja. Sikumruhusu afike kwa Larry Holmes wala Trevor Berbick, zile ngumi za mwisho za 1980 na 1981 ambazo kila anayempenda anatamani zingefutwa.

Usiku huo nilimsomea Baba matokeo yote, mwaka kwa mwaka, kama mtu anayekabidhi zawadi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kinshasa iko wapi?" akauliza.

Nikaangalia. Kinshasa haikuwepo. Na isingekuwepo. Ali alikwenda Kinshasa kwa sababu alikuwa ananyatia mkanda aliopokonywa, ana miaka 32, na watu wanaogopa Foreman atamuua. Ali wangu hakuwa na cha kufuata Kinshasa. Nilikuwa nimempa miaka mitatu na nusu, na kwa kufanya hivyo nikaifuta ile asubuhi ya vikapu vya iliki.

"Na kwa Frazier hakuanguka?"

"Hakuanguka, Baba. Hakuanguka popote. Mapambano yote."

Baba akatikisa kichwa polepole. "Basi huyo simjui, mama," akasema.

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Usiku ule neno hilo lilinikera. Nilikuwa nimefanya kazi ya wiki mbili.

*

Siku tatu nne hatukuwasha laptopu. Kisha jioni moja, nikiwa namkanda ule mkono kwa mafuta ya karafuu kama tulivyoelekezwa, akauliza bila kunitazama:

"Mtu ambaye hayumo humo, unaweza kumwingiza?"

"Ndiyo. Unajaza fomu."

"Niingize mimi."

Nikacheka kwa furaha. Nilidhani sasa tumefika: nilichoshindwa kumpa Ali nitampa huyu. Nikafungua ukurasa mtupu wa bondia mpya, nikaandika jina lake. Hata Baba alichangamka.

"Uzito?"

"Enzi hizo? Kilo sabini na tano. Siyo uzito wa juu, usinitie kwa akina Foreman wakaniue."

"Nguvu ya ngumi?"

"Ya kulia weka nyingi. Ya kushoto usiseme uongo."

"Pumzi?"

"Nyingi. Nilikuwa napanda mbio hadi Amani na kushuka, asubuhi, kabla ya chai."

"Ulinzi?"

"Wastani. Nilikuwa napenda kutazama nilichopiga."

"Kidevu? Yaani ukipigwa unavumilia?"

Hapo akanyamaza kidogo. "Weka kizuri," akasema. "Kidevu hakikuwa na shida." Kisha: "Na woga? Woga wanaujaza wapi?"

Nikapitia fomu yote juu hadi chini, ingawa nilijua. Nikamwambia hakuna sehemu hiyo.

"Basi haitakuwa mimi," akasema.

Nilidhani anatania. Nilipomtazama nikaona hatanii. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika ule mgonjwa, na aliongea taratibu, kwa sababu ya kiharusi, lakini pia kama mtu anayechagua pa kukanyaga.

Ilikuwa mwaka 1977, alisema, mwaka mmoja kabla ya vita. Ukumbi mmoja Tanga mjini, umejaa. Mpinzani wake kijana wa bandarini, mfupi, mikono mizito. Raundi ya pili alikula ngumi ya sikio, akaenda chini.

"Nilimsikia refa anahesabu. Nilimsikia vizuri sana, masikio yote mawili yalikuwa mazima. Nne. Tano. Miguu ilikuwepo, mama. Nilikuwa naweza kusimama. Nikamwona yule kijana kwenye kona yake, ananingoja. Sita. Saba. Nikasema moyoni, acha ifike."

Mvua ilikuwa imekatika. Nje kulikuwa na sauti ya mto tu.

"Ikafika?"

"Ikafika. Watu wakanibeba, wakanipa pole. Sikurudi tena ukumbini. Kocha akaja huku kunifuata mara mbili, nikajificha kwa bibi yako. Vita ilipokuja nilikuwa nimeshaacha mwaka mzima."

"Kwa hiyo vita haikukunyang'anya ngumi."

"Vita ilinipa cha kusema." Akavuta pumzi. "Kule sikuogopa zaidi ya wengine. Tulitembea kwa miguu mpaka Masaka na zaidi. Kule hakuna anayekuhesabia mpaka kumi, unasimama au husimami. Niliporudi na sikio hili, shangazi yako akaanza kuwaambia watu. Sikumkatalia. Mwaka wa kwanza niliona aibu. Wa pili kidogo. Baadaye na mimi nikawa naamini."

Ndipo nikaelewa kwa nini kila mara alitaka raundi ya kumi na tano na kuziruka nyingine. Ali alipoangushwa na Frazier alikuwa ameshashindwa. Raundi zilizobaki hazikuwepo, taya limevimba, miguu imechoka, na kila jaji alikuwa na pointi zake. Angebaki chini asingepoteza ambacho hakikuwa kimepotea. Lakini aliinuka, tena upesi, akamaliza kengele akiwa amesimama. Kwa miaka arobaini na kitu Baba amekuwa akiitazama sekunde ile moja. Mimi nilichukua dunia nzima nikaitengeneza upya ili isiwepo.

*

Kuna jambo sijalisema, nami nimeliandika na kulifuta mara nyingi.

Mimi sikuacha kutafuta kazi kwa sababu ya Baba. Nilimaliza chuo mwaka 2020. Nikafanya usaili sehemu tano. Katika ule wa tano, mbele ya watu wanne nyuma ya meza, niliulizwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nalijua kabisa, nikasikia sauti yangu ikitetemeka, nikasema samahani, sijui. Hiyo ilikuwa Oktoba 2022. Tangu siku hiyo sikutuma ombi hata moja. Kila Jumapili nilimpigia Baba simu nikamwambia mambo yanakwenda. Nilikaa chumbani Mbezi nikicheza mchezo huu huu, nikiwapanga Liston na Patterson, bando la intaneti nikilipiwa na kaka.

Februari shangazi akapiga simu kwamba Baba ameanguka. Nililia, bila shaka. Lakini kabla ya kulia, kwa muda mfupi kama wa kumeza mate, nilihisi kitu kinachofanana na nafuu. Sasa nilikuwa na sababu. Na sababu yangu ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote ninayemjua, maana nani atamlaumu binti anayemuuguza baba yake?

Usiku ule nilimwambia. Sikujua kama nitaweza, lakini baada ya maneno yake ingekuwa dhuluma kunyamaza. Aliposikia habari ya nafuu alifumba macho, nikaogopa. Kisha akasema:

"Jumapili ulikuwa ukiniambia umetuma barua wapi na wapi. Unataja majina. Kisha ukaanza kusema mambo yanakwenda. Nikajua."

"Hukusema."

"Ningesema nini, mama? Mimi?"

Tukakaa. Hakunipa wosia, na mimi sikumwahidi kitu. Mwishowe akaniashiria laptopu kwa kidevu. "Haya, nipangie pambano. Yule kijana wa bandarini naye mtengeneze, nitakupa namba zake. Ngumi zake usizipunguze."

Nikamtengeneza. Baba alimpa kila kitu cha juu, kuliko alivyojipa mwenyewe. Nikaweka raundi sita. Nikabonyeza.

Hapa inabidi nieleze hali niliyokuwa nayo. Baba hakuweza kusoma skrini. Alichokuwa nacho ni sauti yangu tu. Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika ya pili, na naapa sikuigusa namba yoyote, mistari ikashuka: amepigwa, ameyumba, yuko chini. Hesabu ikaanza. Nikaona mstari unaofuata kabla sijautamka, na ningeweza kutamka chochote. Ningeweza kusema ameinuka kwenye nane. Nani angejua? Wamarekani walipewa mwisho wao, Wazungu wakapewa wao.

"Saba," nikasema. "Nane. Tisa." Koo lilinikauka. "Kumi."

Baba alinyamaza, kisha akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mpaka machozi yakamtoka. "Hata kompyuta inajua!" akasema. Akajifuta kwa mkono wa kushoto. "Panga tena."

"Baba, saa nne hii."

"Panga tena."

Katika pambano la pili alianguka mara mbili, raundi ya tatu na ya tano, na mara zote mbili aliinuka. Akafika mwisho. Majaji wote watatu walimpa ushindi yule kijana wa bandarini, na haikuwa kwa pointi chache. Nilipomaliza kumtangazia nikamwona amekaa wima kuliko nilivyomwona tangu Machi.

"Raundi ngapi?"

"Sita. Zote."

"Zote," akarudia.

Asubuhi nilipompelekea uji alikuwa ameamka zamani, anatazama njia inayokwenda stesheni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kama usiku tutarudiana na yule kijana, maana sasa inaonekana tunamzoea.

"Tutarudiana," akasema. "Ile barua ya kazi umeiandika?"

"Bado, Baba."

"Basi leo tusianze na ngumi."